Magunia Manane ya Mugeni

Bambo linazama ndani ya gunia kwa sauti ya kitambaa kinachochanika, na mahindi yanateremka kwenye mrija wake wa chuma hadi kiganjani mwa Nasirumbi. Ni saa moja asubuhi katika yadi moja ya nafaka mjini Busia, upande wa Uganda, karibu kabisa na lango la kuvukia Kenya. Anayanusa. Anatia punje moja mdomoni, anaivunja kwa jino la pembeni na kusikiliza.

"Hii kavu," anasema, na kuhamia gunia jingine.

Kando yake mwenye mzigo amesimama mikono nyuma. Watu wote wanaofika hapa na mahindi husimama hivyo. Mwanamke huyu mfupi mwenye kitambaa cha njano kichwani akisema lori livuke, litavuka. Akisema lirudi, litarudi.

Nasirumbi ana miaka arobaini na minane, ni mama wa watoto watano, na kazi yake ni kupiga bambo. Hulipwa shilingi elfu kumi na tano za Uganda kwa kila lori, livuke lisivuke. "Hiyo ni mzuri," anasema. "Ingekuwa nalipwa kwa ile inavuka tu, yote ingevuka."

Jambo analoliamua ni moja. Wanunuzi wa yadi hii hukubali mzigo wenye gunia bovu moja katika kila kumi, yaani lenye unyevu au ukungu. Yakizidi hapo hawautaki. Lakini lori moja hubeba magunia mia mbili na arobaini, malori mengine yanangoja nje kwenye barabara ya Tororo, na kila gunia linalotobolewa huvuja. Hawezi kuyapiga yote. Hupiga arobaini, na kwa hayo arobaini huhukumu yote.

Magunia hushushwa na kupangwa kwenye turubai, yakaandikwa namba kwa makaa. Namba hizohizo zimo kwenye vizibo vya soda ndani ya debe. Mwenye mzigo mwenyewe hutia mkono na kuchota vizibo arobaini. Hapo zamani walipiga yaliyo mlangoni mwa lori tu, na wakulima si wajinga, wakajua.

"Mazuri yalikuwa yanakaa mlangoni nakusalimia," Nasirumbi anacheka. "Mabaya yako nyuma kabisa nalala."

Aliyeleta utaratibu huu ni Isaac, mwalimu wa takwimu katika chuo kimoja cha Tororo, ambaye wanunuzi walimwita baada ya ugomvi wa kila siku kuwachosha. Isaac aliwaambia waanze kwa kumwamini mkulima. Kila lori likiingia, wachukulie kwamba liko ndani ya kiwango, mpaka magunia yenyewe yalikane.

"Unajiuliza swali moja," Isaac anaeleza. "Kama mzigo huu kweli uko sawa, bahati peke yake ingeweza kunipa mabovu mengi hivi? Ukipiga arobaini, bahati itakupa matatu, manne, hata sita au saba. Ikikupa manane au zaidi, ni vigumu kuendelea kusema ni bahati. Hapo unarudisha."

Akaongeza jambo ambalo siku ile halikumkaa mtu rohoni. Alisema kanuni hii nayo hukosea. Mizigo iliyo halali, ile inayokaribia mpaka wa kiwango, manne hivi katika mia itarudishwa bila kosa lolote la mkulima wala la mpimaji. Na lori linaloruhusiwa kuvuka halijathibitishwa kuwa zuri. Imekosekana tu sababu ya kulirudisha.

Nasirumbi alisikia. "Nikasema, nne kwa mia ni kitu gani? Ni kidogo," anakumbuka. Anatazama chini, anafuta ncha ya bambo kwa kitambaa ingawa haina uchafu. "Mimi sikujua hiyo nne itakuwa na majina ya watu."

Jina lilikuwa Mugeni.

Mugeni ni mkulima wa Lumino, jirani wa nyumbani kwao Nasirumbi. Binti yake, Justine, alibatizwa mikononi mwa Nasirumbi. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekusanya mahindi ya wakulima wenzake, hawa gunia tano, hawa kumi, akayapakia lori moja na kuyaleta mpakani. Hawakumwandikisha popote. Walimpa kwa kuwa ni Mugeni.

Mwaka juzi, msimu wa mvua zilizokosa adabu, alifika na lori lake. Alitia mkono debeni akachota vizibo mwenyewe, huku akimtania Nasirumbi kwamba leo Nasirumbi ndiye atakayemlipa yeye kwa kumpotezea muda. Nasirumbi akapiga. Gunia la kwanza likatoa ukungu. La tano pia. Alipofika la thelathini, utani ulikuwa umekwisha. Mwisho wa arobaini, mabovu yalikuwa manane.

Mugeni hakupiga kelele. Aliomba jambo moja tu, akimwita Nasirumbi kwa jina la mtoto wake wa kwanza: "Mama Mangeni, piga tena. Chukua arobaini ingine."

Nasirumbi akakataa, na hapo alikuwa na haki. Ukipiga na kupiga mpaka upate jibu unalolipenda, hujapima kitu, umejitafutia. Angempa Mugeni nafasi ya pili kwa sababu ni baba wa mtoto wake wa ubatizo, angewaambia nini wengine? Akachukua makaa, akatia msalaba kwenye magunia ya lori lile.

Msalaba huo ulikuwa ubunifu wake mwenyewe. Aliuanzisha ili mzigo uliorudishwa usizunguke na kuingia tena kesho yake kwa dereva mwingine. Wanunuzi waliupenda mno. Haukupita muda, kila dalali kutoka hapa mpaka Malaba akawa anausoma. Yadini wakaanza kusema, "Bambo ya Nasirumbi haikosei," naye, kwa maneno yake mwenyewe, akavimba kama andazi.

Mugeni alirudi Lumino na kufanya jambo ambalo wakulima wachache wangethubutu. Alitandaza maturubai uwanjani na kufungua magunia yote, moja baada ya jingine, majirani wakiona. Yote mia mbili na arobaini. Mabovu yalikuwa ishirini na moja. Kiwango kinaruhusu ishirini na nne.

Mzigo ulikuwa halali. Ulikuwa halali tangu asubuhi ile, ila katika yale ishirini na moja, mkono wa Mugeni mwenyewe ulikuwa umechota manane. Bahati mbaya ya aina ileile aliyoitaja Isaac.

Basi kosa la Nasirumbi liko wapi? Mwandishi huyu alimuuliza, maana mpaka hapo halionekani. Alikaa kitako juu ya gunia kabla ya kujibu.

"Baba Justine alirudi hapa. Siku ya soko, yadi imejaa. Akasema, Mama Mangeni, nimefungua yote, njoo uone, ama waambie hawa watu kwamba hiyo kipimo yako inaweza kukosea. Wewe najua inaweza. Waambie tu hivyo."

Wanunuzi wote waligeuka. Osborn, mfanyabiashara mkubwa kutoka upande wa Kenya, alikuwa amesimama palepale. Nasirumbi aliyajua maneno ya Isaac neno kwa neno. Angeweza kuyasema.

"Mimi nikasema, 'Bambo imesema.'" Anatikisa kichwa polepole. "Basi. Hiyo tu. Niliogopa kazi yangu. Nikaogopa pia, si uongo, watu wataacha kuniita ile jina."

Maji yakimwagika hayazoleki. Sokoni watu hushika msemo mmoja kuliko kanuni yoyote ya takwimu, kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Mzigo uliotiliwa shaka ukageuka kuwa mzigo uliothibitishwa kuwa mbovu, na kutoka mzigo wakahamia kwa mwenye mzigo. Magunia manane yakala yote mia mbili na arobaini, kisha yakamla Mugeni.

Alijaribu Malaba, mji mwingine wa mpakani. Kabla ya kwenda aliyamwaga mahindi, akayageuza magunia ndani nje ili misalaba isionekane, akashona upya. Dalali mmoja pale alitia kidole kwenye mshono, akachungulia, akaona makaa kwa ndani. Kuanzia hapo Mugeni hakuwa mtu mwenye mahindi mabovu tu. Alikuwa mwongo. Yule aliyeomba watu waje waone kila punje aliitwa mwongo, na ukweli unauma kuuandika.

Mahindi yaliishia kuwa chakula cha kuku kwa nusu ya bei. Msimu uliofuata hakuna jirani aliyempa hata gunia moja. Siku hizi hufyatua matofali ya watu na kulima kijishamba cha kula nyumbani.

Nerima, jirani aliyekuwa akimpa Mugeni mahindi yake kila msimu, hafichi. "Mimi mwenyewe niliona akifungua yale magunia," anasema. "Niliona kwa macho yangu. Lakini Busia walikuwa wamesema, na sisi tuliona labda wao najua kitu sisi hatujui. Mimi nina aibu nayo."

Nasirumbi naye alilipishwa, ingawa si kwa fedha. Justine alipopata kipaimara pale Lumino, mama wa ubatizo hakuitwa. Alikwenda hivyohivyo, akasimama nje ya dirisha la kanisa. Mkono wa mwanamke mwingine ulikuwa begani mwa Justine mbele ya askofu. Nasirumbi alirudi Busia kabla ya nyimbo kwisha.

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na huyu mjukuu amemkalia Nasirumbi magotini. Ameacha msalaba wa makaa. Lori likirudishwa, sasa humwambia mwenyewe mbele ya wote: "Kipimo imekataa, lakini inaweza kuwa imekosea. Kama unataka, fungua yote hapa, mimi nitakaa na wewe." Wengi hukataa, maana wanajua walichobeba. Wachache wamekubali, na mmoja wao, mkulima wa Molo karibu na Tororo, alionekana kuwa na haki na akavuka jioni ileile.

Si wote wanaofurahia. Osborn anasema wazi kwamba mambo haya yanamchelewesha. "Madam tunamheshimu, lakini tukianza hizi story za labda, labda, biashara itakufa. Mteja wangu kule Kisumu hanunui labda. Anataka ndio ama hapana."

Ana hoja, huyu bwana. Soko linapenda jibu lililonyooka. Lakini hiyo "labda" ilikuwamo tangu mwanzo ndani ya kila "ndio" aliyouziwa. Tofauti ni kwamba hapo awali aliyekuwa akiibeba ni mkulima, peke yake, bila kuambiwa.

Isaac anajilaumu pia. "Niliwafundisha namna ya kukataa," anasema. "Namna ya kusema umekataa nini hasa, hiyo nilipita mbio."

Mwezi uliopita Nasirumbi alijikaza akaenda nyumbani kwa Mugeni. Alibeba sukari na sabuni kama mgeni yeyote. Mugeni alimpa kiti, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza kuomba msamaha, mzee akauliza polepole: "Ulinikataa mbele ya soko yote, Mama Mangeni. Sasa unanikubali huku nyuma ya nyumba?"

Nasirumbi aliinuka kuondoka. Sukari na sabuni aliziacha mlangoni. Hajui kama zilichukuliwa.

Alipofikiwa kwa simu, Mugeni hakutaka kusema mengi. "Mimi sina vita na yule mama. Kazi yake alifanya vizuri. Ni neno tu nilimuomba, neno moja," alisema, kisha akaomba radhi kwamba matofali yake yanakauka juani na lazima ayageuze.

Yadini, lori la asubuhi limemaliza kupimwa. Mabovu ni matatu. Nasirumbi anamwashiria mwenye mzigo kwamba anaweza kupakia, na mtu huyo anaachia pumzi aliyoishikilia tangu alfajiri. "Sijasema ni mizuri," Nasirumbi anamkumbusha. "Nimesema tu sijaona sababu ya kukurudisha." Mtu hasikilizi, anaita wapakiaji.

Akiulizwa anatumaini nini, hazungumzii nyumba ya matofali wala pikipiki, kama wengi wanavyofanya. Anauliza gazeti hili hufika Lumino siku gani. Anaambiwa hufika siku hiyohiyo linapotoka, mchana.

"Basi andika," anasema, na kunyoosha kidole kuhakikisha kalamu iko tayari. "Andika jina lake yote, usifupishe. Mahindi ya Mugeni wa Lumino ilikuwa halali. Mabovu ishirini na moja, na wanaruhusu ishirini na nne. Mimi Nasirumbi nilijua kipimo yangu inaweza kukosea na nikanyamaza. Andika hivyo."

Yanaandikwa hivyo.

Mpango wake ni kulinunua gazeti, kulipeleka mwenyewe siku ya soko, na kusimama katikati ya maduka ya senta ya Lumino alisome kwa sauti. Na Mugeni asipokuja kusikiliza?

Anaokota bambo na kulipangusa. Lori jingine limekwisha ingia, na mwenye mzigo anateremka, mikono tayari iko nyuma.

"Asipokuja, nitawasomea majirani," anasema. "Yeye alijua siku zote mahindi yake ni mizuri. Ni wao ndio waliniamini mimi."