Nyumba ya Mkubwa Kwanza

Ukipita hospitali ya Kapkatet ukaona wodi yenye mabati ya kijani, jua ukuta ule ni kazi ya mkono wa Gordon Adongo. Kiwandani, kule juu yanakonyaushwa majani ya chai, ngazi ni zake. Hata ile nyumba ya meneja, ya mawe na bomba la moshi, waliyoiacha Wazungu, Gordon ndiye aliyekuwa akiiziba nyufa miaka nenda miaka rudi. Fundi mzima! Na hana nyumba.

Msicheke. Alikuwa anakaa kambini na mkewe Syprose, nyumba ya kampuni ya chai, chumba na jiko. Kwao ni Nyakach, ukishavuka Sondu, na shamba la baba lipo. Lakini kwa Wajaluo mdogo hajengi kabla mkubwa hajajenga, na kakake, Joab, ana duka Kericho mjini, amepanga nyumba ya vigae, nyumbani haendi ila kwenye matanga. Basi Gordon akangoja. Akangoja mpaka kichwa kikajaa mvi, mpaka akaambiwa amestaafu, mwisho wa mwaka arudishe ufunguo wa kampuni.

Akamfuata Joab dukani.

"Kaka, jenga hata kibanda, nipate njia. Syprose nitamweka wapi?"

"Omera, ndugu yangu, haraka ya nini?" Joab alikuwa anapanga sufuria, hata hakugeuka. "Mimi nikijenga, najenga ya maana. Yenye bomba la moshi, kama ya meneja."

Bomba la moshi, Nyakach! Kwenye joto lile! Huku Kericho sawa, baridi inauma, lakini kule atawasha moto wa nini? Gordon alikuwa amechoka hata kukasirika. "Basi nitakujengea mimi," akasema. "Wewe uje tu ulale." Joab akacheka, akakubali.

Akajenga. Mgongo ukimkatalia, anakaa kwenye ndoo, anashusha pumzi, anainuka tena. Mawe, mabati, vyumba viwili, na bomba la moshi lenyewe, maana alijua bila hilo kakake atanuna. Mwanzoni kila jiwe aliloweka alijiambia, hili likiisha naanza langu. Alipofika kwenye paa aliacha kujiambia. Alikuwa anajenga tu, kama mtu anayemaliza zamu.

Joab alikuja na gari, akalala usiku mmoja kama mila inavyotaka, akapiga picha kando ya bomba lake. Asubuhi akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akarudi Kericho.

Siku hiyo hiyo lori lilifika kutoka kambini na Syprose, kitanda, makochi na kuku. Walikuwa wamepanga kujisimamishia nyumba ya mabati haraka haraka, kwa kuwa sasa njia ilikuwa wazi. Dereva alipoondoka tu, mvua ya mchana ikawaangukia. Syprose akampigia Joab simu.

"Shemeji, vitu vinalowa! Turudishie ufunguo tuingie hata leo tu!"

"Wewe ni mke wa boma hilo, unajua," Joab akasema. "Mdogo hawezi kulaza mke wake kwenye nyumba ya mkubwa. Mnataka kuniletea laana?"

Na kilichouma ni kwamba hakukosea. Syprose alikata simu akalia kwa hasira, waziwazi, kisha akaanza kuburuta godoro kuliweka upenuni, pembeni mwa ule mlango uliofungwa. Gordon alimsaidia kidogo, akaketi chini, mgongo kwenye ukuta aliousimamisha mwenyewe. Rangi ilikuwa bado inanuka.

"Sasa njia si iko wazi?" Syprose akauliza, akijifuta uso kwa leso. "Yetu unaanza lini, Baba Awuor? Kesho?"

"Acha nipumzike kwanza," Gordon akasema.

Syprose akaishusha leso. Alikuwa ameishi naye tangu ujana wao, na hajawahi kumsikia akisema hivyo kuhusu kazi yoyote. Akajua hatajenga.