Lenzi za Picha za Korongo

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo naiona mpaka leo kana kwamba nimetoka huko asubuhi hii: siku niliyoshuka hadi stesheni ya Likasi na bahasha ya picha chini ya kitenge, kumtafuta mtu aliyekuwa anafukuzwa mjini.

Nakueleza kwa sababu ya zile picha zako za mlima wa Kakanda. Umezipiga mwezi baada ya mwezi mahali pamoja, ukaziunganisha zikakimbia kama sinema, nami nimezifurahia. Lakini ulisema kompyuta inakuuliza kila picha ilipigwa kwa lenzi gani, na ile lenzi yako kuukuu haijui kujitaja. Ukasema utaandika namba moja kwa zote, mambo yaishe. Jibu langu lilikuwa refu, na jibu refu halitolewi mtu akiwa amesimama mlangoni.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, mambo yalipoharibika. Mishahara ilikoma, maduka yakaporwa, kisha siasa ikawageukia watu ambao baba zao walitoka mkoa wa Kasai. Wengi walizaliwa hapa hapa, wakabatizwa hapa, wakazika wazazi wao hapa. Siku moja wakaambiwa ni wageni. Walijaa stesheni na magodoro yao na vyungu vyao, wakingoja treni isiyojulikana itakuja lini.

Mmoja wao alikuwa Papa Ntumba, mpiga picha, aliyenifundisha kazi. Nilikuwa nimemaliza shule sina pa kwenda, akanipokea katika studio yake karibu na soko. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukikosea, alikurudishia kazi bila kusema kitu, na kimya chake kile kilitosha.

Sasa, nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba za mtaa wetu kulikuwa na korongo. Kila masika maji yalilichimba. Papa Kasongo, katekista wa kanisa letu dogo, alimwomba Papa Ntumba apige picha ya korongo kila mwezi, akisimama kwenye ngazi za kanisa, mahali pale pale, ili watu waone kama linakuja au limesimama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Papa Kasongo alitaka kwanza kuujua huo ufa. Karibu katika kila picha ulionekana mlingoti wa umeme upande mmoja, ghala la mawe upande mwingine, na korongo katikati.

Papa Ntumba alikuwa na lenzi mbili. Moja, ya hamsini, ilivuta vitu karibu. Nyingine, ya thelathini na tano, ilifungua macho ikaona upana wote, na vitu vikawa vidogo. Alitumia iliyokuwapo, kwa maana mara nyingi mdogo wake aliazima moja kwa picha za harusi. Nyuma ya picha aliandika mwezi tu. Lenzi aliiweka kichwani mwake.

Uporaji ulipofika, studio ilibaki kuta. Ile ya hamsini ilikwenda. Picha za korongo zilipona kwa sababu zilikaa kanisani. Na mtaa ulipoanza kumtisha Papa Ntumba, aliniachia kamera na lenzi iliyobaki, nikawa napiga mimi.

Masika yakakaribia. Papa Kasongo akazipanga picha zote ukutani, watu waamue Jumapili kama safu ile ya mwisho ihame. Watu wakatazama, wakafurahi: mwanzoni korongo lilionekana kubwa, halafu likapungua, likakua tena, na mwishoni likawa kama limelala. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa baba yangu. Nyumba yetu ilikuwa katika safu ile. Kiwandani hawakuwa wanamlipa tena, na nyumba ndiyo kitu pekee alichoweza kusema ni chake.

Mimi nilijua kwamba korongo halipungui. Kilichobadilika ni lenzi. Nikamwambia Papa Kasongo, naye akaniambia niandike kwenye kila picha lenzi yake kabla ya Jumapili. Zangu nilizijua. Za Papa Ntumba nilitaka kuziandika hamsini zote, maana ndiyo aliyoipenda. Mama yangu aliponisikia aliuliza kama mwenye picha amekufa. Nikasema hapana, yuko stesheni. Akasema kuuliza si ujinga, akanifungia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo nimpelekee.

Nilimkuta ameketi juu ya godoro lililokunjwa, shuka limefungwa juu yake kuzuia jua. Mke wake, Mama Tshala, alikuwa anachambua mchele. Nilipotoa picha, uso wake ulibadilika.

"Batu ba kule banatufukuza," akasema, "na weye unatuletea kazi yabo?"

Papa Ntumba alipokea bahasha, akafuta mikono kwenye suruali.

"Mama, acha," akasema taratibu. "Korongo haiulize muntu baba yake alitoka wapi."

Mwanangu, nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile. Sijasikia neno linalozidi hilo.

Akachomoa uzi kwenye pindo la kitenge cha mke wake, naye Mama Tshala akamwacha achomoe. Akachukua picha moja niliyoipiga mimi, ambayo lenzi yake tuliijua, ile ya thelathini na tano. Akaulaza uzi kutoka mlingoti wa umeme hadi kona ya ghala, akaukata hapo. Mlingoti hauhami, ghala halihami, na anayepiga picha amesimama pale pale. Basi popote uzi ulipofika sawasawa, ilikuwa thelathini na tano. Palipokuwa na nafasi kubwa kuliko uzi, ilikuwa hamsini. Kazi ikaanza kwenda mbio. Yeye anapima, mimi naandika nyuma kwa kalamu. Watu wa magodoro ya jirani wakasogea kutazama, na kwa muda ule mfupi ilikuwa kama studio imefunguliwa tena.

Zikabaki zile za siku za ukungu, ambazo mlingoti haukuonekana. Moja aliikumbuka: siku ile mdogo wake alikuwa Kakanda kwenye harusi na ile ya hamsini, kwa hiyo picha ilikuwa ya thelathini na tano. Nikaandika. Nyingine chache alizishika muda mrefu, akazigeuza, akazisogeza kwenye mwanga.

"Hizi sijue," akasema.

Nilimbembeleza. Nilimwambia zilikuwa chache, zikibaki wazi watu wa mtaa watazicheka, watasema kazi yote ni ya kubahatisha. Nikamwambia aseme tu hamsini.

Alinitazama, na safari hii hakunirudishia kazi kimya.

"Odette, sikia. Bananikamata nyumba, bananikamata kazi. Kunabakia jina yangu. Usiitie pa kintu ile sijue. Andika: haijulikane."

Nikaandika. Tulipomaliza akala bukari pamoja na mke wake, akaniuliza habari za kamera, kama naihifadhi mbali na vumbi. Mama Tshala alinisindikiza hadi penye reli. Alinishika bega kabla ya kurudi.

Jumapili nilibandika picha upya ukutani, kwa safu tatu: za hamsini juu, za thelathini na tano katikati, zisizojulikana chini. Mwanangu, hapakuwa na haja ya hotuba. Katika safu ya juu korongo lilifunguka mwezi baada ya mwezi. Katika safu ya katikati vilevile. Halikuwahi kulala hata kidogo.

Baba yangu akasimama. Akaenda moja kwa moja kwenye ile safu ya chini, akauliza hizi nazo ni nini. Nikamwambia hazijulikani. Akauliza kama hata Papa Ntumba mwenyewe hazijui. Nikasema hazijui, na amekataa kubahatisha.

Alikaa akizitazama. Nilimwona anatafuta mahali pa kushika, mahali pa kusema kwamba picha zinadanganya na nyumba ibaki. Hakupapata.

"Muntu ile anakubali hajue hapa," akasema mwishowe, "kama kule anasema anajua, miye nitamwamini."

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushusha mabati. Sijamwona mtu akivunja nyumba yake kwa utaratibu vile, akinyoosha kila msumari autumie tena. Safu nzima ikafuata, na watu wa mtaa wakabeba milango na vitanda, baadhi yao wale wale waliokuwa wamepiga kelele kwamba akina Ntumba waondoke. Tulilala katika vyumba vya shule hadi tulipopata kiwanja upande wa juu.

Masika yalipochacha, ardhi ya safu ile ilishuka yote kwa mchana mmoja. Tulisikia mngurumo tukatoka. Palipokuwa na jiko la mama yangu palibaki hewa tupu. Hakufa mtu, hata kuku.

Jumapili iliyofuata Papa Kasongo alisoma majina ya kuombewa. Wakati ule majina ya Kasai hayakutajwa kwa sauti mtaani kwetu, watu waliogopa. Alisoma: "Ntumba, mpiga picha, na mke wake Tshala, waliokuwa jirani zetu." Kanisa likasita kidogo. Kisha sauti ya kwanza kuitikia ilikuwa ya baba yangu, na nyingine zikafuata. Treni ilikuwa imeshaondoka. Sikumwona tena Papa Ntumba, ingawa nilipata habari kwa watu kwamba walifika Kasai salama na kwamba alifungua studio nyingine huko.

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayokuambia. Jambo ulijualo liandike bila woga. Jambo unaloweza kulipima lipime, hata kama huna kitu zaidi ya uzi. Kama yupo aliyekuwapo, funga safari ukamwulize, maana watu huondoka na yale yaliyo vichwani mwao. Na pale unapofika mwisho wa kujua, andika kwamba hujui, kisha uendelee na kazi yako kichwa juu. Njia ya mwongo ni fupi. Na anayejaza mapengo kwa kubahatisha huyachafua hata yale aliyoyajua. Usidhani watu watakudharau kwa neno "haijulikani." Mimi nimeona watu wakishusha mabati ya nyumba zao kwa sababu ya neno hilo.

Nenda sasa, Mungu akutangulie. Akupe macho ya kuona hatari ingali mbali, na ulimi wa kukiri pale macho yako yanapoishia. Akupe jina ambalo hakuna wa kukupokonya, na majirani wa kulitaja kwa wema hata siku ambayo hupo.