Viateur wa Mushaki na Meno Yanayopita Kwenye Siagi

Saa moja asubuhi, ukungu bado haujaondoka Mushaki, na akina mama wanashusha madebe ya maziwa mbele ya kiwanda kidogo cha krimu kilicho kando ya barabara ya Sake. Ndani, injini inakohoa, inagoma, halafu inakubali. Mkanda unaanza kuzunguka, mashine ya kutenga krimu inapandisha sauti, na taa pekee ya chumba hicho inawaka.

Nyuma ya mashine hiyo, kwenye kona yenye baridi, Viateur Makuza anachomeka waya wake ukutani. Mkononi ana mashine ya kunyolea ya umeme. Haiwashi. Anaitazama tu, kisha anafuta meno yake ya kukatia nywele kwa kitambaa, ingawa amekwisha kuyafuta mara nyingi tangu tuingie.

Mbele yake ameketi Védaste, kijana mrefu wa nyumba ya wafugaji, nywele zake zimepakwa siagi hadi zinameta. Nyuma ya kiti amesimama baba yake, mzee Ndagijimana, fimbo mkononi. Mzee hajamsalimia mtu tangu aingie, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Huu si unyoaji wa kila siku. Kijana huyu akiinuka kwenye kiti bila tone la damu, Jumamosi atamwoa Verdiane, dada yake Viateur. Damu ikionekana, ng'ombe wa mahari watarudi kwa mwenyewe na uchumba utakuwa umekufa. Mwandishi alipouliza kama masharti hayo si makali mno kwa jambo la nywele, alitazamwa kama mtu anayeuliza kwa nini ng'ombe hukamuliwa.

Viateur alizaliwa hapa hapa Mushaki na akakua nyuma ya mikia ya ng'ombe wa baba yake. Ujanani aliteremka msituni, Walikale, akapata kazi katika karakana ya mgodi mmoja usio mbali na Mubi. Kazi yake ilikuwa tupa: kunoa misumeno iliyopasua miti ya kuegemeza mashimo. Anasema alilala na sauti ya tupa masikioni hata siku za Jumapili.

Fundi mmoja Mzungu alipokuwa anarudi kwao, alimwachia mashine ile ya kunyolea. Viateur alipanda nayo kutoka msituni, akapita Kalembe akiwa ameifunga ndani ya blanketi, na mwaka juzi, 1955, akafika nyumbani na kitu ambacho mlima mzima ulikuwa haujapata kukiona. Ila mlima mzima haukuwa na umeme, isipokuwa kiwanda cha krimu, na humo umeme huwapo tu wakati maziwa yanapotengwa. Akaelewana na Léonard, mlinzi wa injini. Tangu hapo, anayetaka kunyolewa na Viateur huja saa ya maziwa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Wateja walikuwa wakulima, watu wa majembe, nywele zao kavu. Mashine ilipita juu ya vichwa vyao, ikaacha njia safi, na watoto wakaja kuchungulia dirishani. Shida ilianza walipokuja wafugaji.

Katika nyumba za wenye ng'ombe, mtu mwenye heshima zake hupaka siagi kichwani. Kichwa kikavu ni cha aliyefiwa. Viateur alijaribu kuwaomba wateja wa aina hiyo waoshe nywele kwanza, na karibu apigwe.

"Niliambia muntu moja aoshe, akaniuliza: nani amekufa kwetu?" anasimulia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka kidogo. "Nikachukua mashine, nikamunyoa na siagi yake."

Meno ambayo mashine ilikuja nayo, anaeleza, yalikuwa membamba na yamebanana, yametengenezwa kwa nywele laini za huko yalikotoka. Nywele za kujikunja zilizojaa siagi zikiingia humo, hazitoki. Lakini kosa kubwa lilikuwa lake mwenyewe, na analisema bila kuzungukazunguka. Mashine hutaka mafuta ili meno yake yasisuguane hadi yakaungua. Viateur hakutaka kupaka mafuta ya injini juu ya kichwa cha mtu, kwa hiyo alipaka mafuta aliyoyajua tangu utotoni. Alipaka siagi ya mama yake.

Ni kosa ambalo asingelifanya fundi wa Mubi wala wa mjini. Kwa mtoto wa mfugaji, siagi hulainisha ngozi, hulainisha kamba, hulainisha mlango unaolia. Kwa nini isilainishe chuma?

Basi Novemba iliyopita, siku moja kabla ya harusi, Védaste alikuja kunyolewa. Upande wa kushoto ulikwisha vizuri. Mashine ilipokuwa juu ya sikio la kulia, mkanda wa injini uliteleza, umeme ukakatika. Asubuhi ya Mushaki ni baridi hata kwa mwenye makoti mawili. Siagi iliyokuwa imeyeyuka kwa joto la meno ikaganda, pamoja na nywele zilizokuwa katikati yake. Viateur aliogopa, akavuta.

Kovu bado lipo. Mwandishi ameliona, juu ya sikio, limekunjamana, refu kuliko kidole gumba.

Damu ilimwagika hadi kwenye shati. Kijana alirudishwa nyumbani amefungwa kitambaa, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu haijanyolewa, na harusi ikaahirishwa. Viateur alikwenda jioni ile ile kuomba amalizie kwa wembe. Mzee Ndagijimana alimkatalia mlangoni.

Katika nyumba ya mzee huyo, kichwa cha bwana harusi humalizwa na mkono ulioanza. Mkono mwingine ukiingia hapo, umeingia katika ndoa. Na kwa kuwa chuma kilimwaga damu, chuma hicho hicho, si wembe, lazima kipite tena kwa amani. Alimpa Viateur muda hadi kabla ya Kwaresima, maana padri hafungishi ndoa katika siku za toba. Jumatano ijayo ni Jumatano ya Majivu.

"Aliniambia maneno kidogo tu," Viateur anakumbuka. "Alisema: kichwa yenye ulianza, njo utamaliza. Lakini nikiona damu tena, ng'ombe zangu zinarudia njia yenye zilipita."

Miezi iliyofuata aliishi na tupa. Alikuwa amerudi kutoka Walikale na kipande cha msumeno wa zamani uliovunjika, chuma kigumu na chenye hasira. Alikilaza kwenye makaa hadi kikalegea, akakikata, akaanza kuchonga meno.

Jozi ya kwanza aliipanulia nafasi ili siagi ipite, lakini ncha zilikuwa kali, zikakwaruza ngozi. Ya pili meno yalikuwa machache mno. Nywele ziliingia, zikajikunja, zikatoka nzima bila kukatwa. Jozi hizo alizijaribu juu ya ngozi ya mbuzi aliyoipaka siagi na kuifunga kwenye kinu, kwa sababu hakuna mwenye akili zake aliyekubali kumkopesha kichwa. Watu walipita, wakamwona anamnyoa mbuzi asiyekuwepo, wakaenda kuhadithia.

Hakucheka siku hizo. Verdiane alikuwa haongei naye. Alimwekea chakula na kuondoka, na Viateur anasema afadhali angemtukana.

Jozi ya tatu ndiyo iliyomo kwenye mashine leo. Viateur anaturuhusu kuitazama kwa karibu. Ni mabamba mawili yanayolaliana. La chini halitembei, na meno yake yamezungushwa ncha ili yateleze juu ya ngozi kama vidole. La juu ndilo linalokimbia kushoto na kulia na kukata. Hilo lina meno machache zaidi, na amelirudisha nyuma kidogo, unene wa ukucha, ili lisiifikie ngozi kamwe. Kisha katika tumbo la bamba la juu amechimba mfereji mwembamba unaotokea nyuma.

Mfereji huo hakuuona popote. Anasema alikuwa anamtazama mama yake akimimina maziwa, akaona yanavyotafuta mdomo wa kibuyu, akajiambia kwamba na siagi haina ubaya, inatafuta tu pa kutokea. Mafuta yake sasa ni ya cherehani, membamba, yasiyoganda.

Wiki iliyopita Léonard alijitolea kichwa chake. Kilinyolewa bila mkwaruzo. Lakini Léonard ni mtoto wa wakulima, hajapaka siagi maisha yake yote, na wote wawili wanajua kwamba jaribio lile halikuthibitisha kitu. Kichwa cha kwanza chenye siagi ni hiki kilichopo kitini.

Viateur anawasha mashine. Inalia kama nyuki ndani ya debe. Védaste anafumba macho, na mishipa ya shingo yake inajitokeza.

Njia ya kwanza inapita kutoka kisogoni kwenda utosini. Nywele zinaanguka vipande vipande, zimeshikana kwa siagi, zinatua kwenye shuka bila sauti. Ya pili inapita. Mzee Ndagijimana anainama, anatazama ngozi, anasimama tena wima. Upande wa kushoto unakwisha. Viateur anafuta meno, anahamia kulia, anaanza kulikaribia kovu.

Hapo injini inakohoa.

Sauti ya mashine ya krimu inashuka. Taa inakuwa nyekundu, kisha inazimika. Mashine ya kunyolea inanyamaza ikiwa imezama ndani ya nywele, juu ya sikio la kulia, mahali pale pale.

Nje, mwanamke mmoja anauliza kama maziwa yake yameharibika, na hajibiwi. Védaste amekishika kiti kwa mikono miwili. Mzee Ndagijimana ananyoosha mkono kuelekea kwa mwanawe.

"Papa, usiguse," Viateur anasema polepole. "Nakuomba. Mi sitavuta."

Mkono wa mzee unabaki hewani. Viateur hatikisiki. Ameweka kiganja chake cha kushoto juu ya meno, akayafunika yote, kama mtu anayemkinga kifaranga na upepo. Anayapa joto. Jasho linamtoka katika baridi ile, na mwandishi, ambaye hakuja hapa kuoa wala kuozesha, anagundua kwamba amesahau kuandika.

Katika chumba cha pili Léonard anagombana na mkanda, anaupaka utomvu ili usiteleze, analaani kwa Kihunde. Injini inashika, inaacha, inashika.

Taa inawaka. Mashine inaunguruma, lakini meno hayaendi. Inalia palepale, nzito, kama inasukuma mlango uliofungwa. Viateur anafumba macho. Bado kiganja chake kipo juu yake.

Kisha, nyuma ya bamba la juu, kwenye mdomo wa mfereji, unatokea uzi mweupe. Ni siagi. Inatoka taratibu, inajikunja, inamwangukia Viateur kwenye kidole. Nyuma yake inatoka nyingine, yenye vipande vya nywele ndani. Sauti ya mashine inakuwa nyepesi. Meno yanatembea.

Anapita juu ya kovu mara moja, hasimami, hakazi mkono. Anamaliza upande wote. Anazima.

Mzee Ndagijimana anampa mtu wa karibu fimbo yake, na mtu huyo ni mwandishi. Anapeleka kiganja chake kichwani kwa mwanawe, anakizungusha kuanzia paji la uso hadi shingoni, kisha nyuma ya sikio la kulia, anakawia hapo. Halafu anakibeba kiganja hadi chini ya taa. Kinang'aa kwa siagi, na hakina kingine.

"Jumamosi," anasema. "Muwaambie ba mama bapike."

Anaichukua fimbo yake, na sasa ndipo anatusalimu, mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia muda huu. Anamwuliza Viateur habari za mama yake, za ndama aliyezaliwa, za mvua. Viateur anajibu yote kwa adabu. Védaste bado amekaa, anajigusa kichwa, anacheka peke yake.

Tulimpa Viateur kikombe cha maziwa. Alikaa juu ya debe lililopinduliwa, akasema aliogopa kuliko siku mwamba ulipoporomoka mgodini, kwa sababu kule angekufa yeye peke yake.

Tulimwuliza sasa anataka nini. Anataka kuchonga jozi nyingine, alisema, maana chuma huvunjika na mtu hawezi kutegemea jozi moja. Anataka kuifanya nyembamba zaidi, ipite na kwenye nywele za watoto. Anataka siku moja awe na injini yake, hata ndogo, ili asinyoe kwa ratiba ya maziwa, na aipeleke mashine hadi Kalembe, kwa wale ambao bado wanakatwa kwa mkasi na kuumizwa.

Mlangoni watu walikuwa wameanza kujipanga, wafugaji kwa wakulima, wengine wamevua kofia tayari. Injini ilikuwa bado inazunguka na madebe yalikuwa bado mengi. Léonard alimwambia awahi, umeme haumngoji mtu.

Viateur aliichomoa mashine yake, akaifunga ndani ya kitambaa.

"Banisamehe, barudi kesho," alisema. "Verdiane iko nyumbani, hajui kitu. Sitaki asikie ku muntu mwingine."

Akatoka, akawapita akina mama na maziwa yao, akapanda njia ya mlimani kwa mwendo wa mtu mzima mwenye heshima zake. Alipodhani hatumwoni tena, akaanza kukimbia.