Waya Uliopima Kalibu

Kwenye karakana ya miguu bandia walimwita Bi Hesabu, naye hakulikataa jina. Kazi yake ilikuwa kukisia kwa kompyuta jinsi mguu, matabaka ya nyuzi zilizoloweshwa gundi, unavyojivuta kwa ndani gundi inapokauka tanurini. Gundi hunywea, nyuzi hugoma kunywea, na ugomvi huo hubaki humo humo. Nje mguu unang'aa kama sahani mpya, kumbe unangoja kupasuka.

Ili kuhakiki hesabu zake, kila mguu uliwekewa waya mwembamba katikati ya matabaka, upime mvutano. Kwa miezi mitatu waya na kompyuta vilikubaliana kama mapacha. Meneja alimsifu mbele ya watu, naye akasema kwa unyenyekevu mwingi kwamba kompyuta haidanganyi, mradi ipate mtu wa kuielekeza.

Asubuhi hiyo mguu uliokuwa mezani ulikuwa wa kaka yake. Kaka alishakunja suruali, akingoja kusimama kwa mara ya kwanza tangu ajali. Bi Hesabu, ambaye siku zote kazi ya kukata ncha ya waya alimwachia fundi, leo akaitafuta aikate mwenyewe. Hakuiona.

"Fundi, waya uko wapi?"

"Ule uchafu?" Fundi, aliyefinyanga miguu miaka thelathini, alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi siachi takataka ndani ya kazi yangu. Kila mara nautoa, naubandika kwenye kalibu. Haupotei."

Kwa hiyo miezi yote mitatu alikuwa akipima kalibu ya kufinyangia mguu: chuma ambacho kikipoa hurudi kilivyokuwa, bila kinyongo na mtu. Na hesabu zake alikuwa amezirekebisha, kwa bidii ya kupigiwa mfano, mpaka zikafanana na chuma hicho.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Angeweza kunyamaza, mguu ulionekana mzima, meneja alikuwa akitabasamu mlangoni, na kaka alishaanza kuuvaa.

"Usikanyage!" alisema. "Nimekosea. Sijui kilichomo ndani."

Meneja akaacha kutabasamu. Kaka akauvua mguu taratibu.

"Si wewe uliyeniambia leo natembea?"

"Ni mimi, kaka."

"Basi lete bega, unitoe nje."

Akamwegemea kwa uzito wote. Kilo sabini na nne, aliziandika mwenyewe kwenye kompyuta, na humo hazikuwahi kumlemea hata kidogo.