Naenda Misri, na Makaburini Nitaingia

Sifuati mzigo. Hilo nimelisema mara nyingi mwaka huu hadi limekuwa kama salamu yangu. Nina duka Nyamongo, nauza mabuti ya mpira, tochi za kichwani, sururu, kamba na makarai, kwa hiyo mtu kama mimi akisema anasafiri nje ya nchi, kila mtu anajua anakwenda kuleta mali. Nilipowaambia vijana wa bodaboda wanaopaki mbele ya duka kwamba naenda Misri, waliniuliza huko Misri kuna buti gani. Nikawajibu kuwa naenda kutembea. Wakacheka. Mmoja akaniambia kwa adabu zote kwamba kama ni kutembea tu, hata hapa hadi Mto Mara si ningetembea, na yeye angenirudisha kwa bei ya chini.

Sikucheka nao. Nikiwa mtoto, likizo nilikuwa napelekwa kwa shangazi yangu Machochwe, karibu na mpaka wa hifadhi, na kazi yetu kubwa ilikuwa kuyangojea magari ya watalii yaliyofunguliwa paa. Wageni walitupungia, nasi tukawapungia. Hakuna aliyetufundisha kwamba wako watu wa kutazama na wako watu wa kutazamwa, lakini tulilijua. Nimepunga mkono vya kutosha. Sasa nataka na mimi niwe ndani ya gari, nina kofia, nina kiongozi wa kunieleza, nauliza maswali ya kijinga na kujibiwa kwa heshima.

Wazo lenyewe lilinijia kwa mama ntilie, mchana, nikisubiri samaki wangu. Televisheni ya pale huwa inaonyesha mpira, lakini siku hiyo ilikuwa inaonyesha kaburi la mfalme wa kale wa Misri, limechongwa ndani ya mwamba, ngazi zinashuka na vyumba vinafuatana. Wachimbaji wadogo waliokuwa wanakula waliacha kutafuna. Hawa ni watu wanaoshinda ndani ya maduara, yale mashimo yao ya dhahabu, kwa hiyo waliona kazi ya wenzao. Walibishana mwamba ule ulipasuliwa na nini, hewa iliingiaje, na vifusi vilitolewa na nani. Dhahabu ilipoonekana genge zima lilipiga kelele kama goli limeingia. Kisha akaonyeshwa mwenye kaburi, amezungushiwa vitambaa, mdogo, mweusi kama kuni iliyozimwa kwa maji, amelazwa ndani ya kioo mbali na kwake. Hapo hakuna aliyepiga kelele. Wakarudi kwenye ugali wao. Samaki wangu alikuja, akapoa mezani.

Mimi namjua mtu aliyetolewa kaburini kwa ajili ya dhahabu. Ni babu yangu, mzaa baba. Alizikwa nyumbani, kando ya zizi lake, ndani ya blanketi lake jekundu, kama mzee wa Kikurya anavyotakiwa kuzikwa, na mimi wakati huo nilikuwa sijaanza shule. Nilipofika darasa la tano, wanawe walianza kuchimba dhahabu katika kiwanja chetu wenyewe. Baba yangu alikuwa ameshafariki, hakuwa na sauti tena. Mkanda wa dhahabu huenda unakotaka, na ule wao ulikwenda moja kwa moja hadi chini ya babu. Wakaufuata.

Asubuhi moja wanawake na watoto wote tulitumwa mtoni kuchota maji, hata waliokuwa na maji ndani. Mimi nilirudi kabla ya wenzangu kwa kuwa dumu langu lilikuwa dogo. Nikamkuta baba mkubwa, mkubwa wao wote, amebeba begani kitu kilichofungwa blanketi jekundu, anakipeleka kwenye mkonge wa mpaka wa shamba. Blanketi lile nililijua kwa rangi yake, ingawa udongo ulikuwa umelila. Aliniona, nami nikamwona, na hatukuwahi kulizungumza. Hakuna mbuzi aliyechinjwa kumwomba radhi. Walichimba majuma machache tena, wakapata dhahabu ya kununulia bati za nyumba moja na redio, kisha duara likajaa maji. Mpaka leo ni la vyura.

Farao walimzika na dhahabu yake, na walimtoa. Babu yangu hakuzikwa na hata sindano, dhahabu ilikuwa chini ya mgongo wake bila yeye kujua, naye walimtoa. Nikiwa pale mezani kwa mama ntilie nilijua kwamba nitakwenda Misri, nitaingia ndani ya makaburi yale, na nitawaambia wenyewe pole. Piramidi ni nyongeza.

Nikampata wakala wa safari Mwanza, msichana mchangamfu anayeniita mama, na mipango yetu mingi tukaifanyia kwenye simu, mimi nikiwa nyuma ya kaunta na yeye akinitumia sauti ndefu zenye honi za magari ndani yake. Mwanzo alidhani nimekosea. Akaniuliza kama sikuwa nataka Dubai, kwa biashara, au Yerusalemu, kwa roho. Nikamwambia biashara ninayo na roho yangu inahudumiwa hapa hapa. Akanitafutia kundi la watu wa kanisa moja la Mwanza, wanaokwenda Desemba na kiongozi mwenyeji anayewaeleza kila kitu: Kairo kwanza, kisha treni kufuata mto hadi Luxor, kisha mashua hadi Aswan. Niliupenda mpango huo. Maji ya Mto Mara yanaingia ziwani, ya ziwa yanakwenda Misri, kwa hiyo mahesabu yangu ni kwamba yametangulia kunitafutia nafasi.

Halafu akaniletea mpango wa mwisho na makaburi hayamo. Siku ya bonde la wafalme, kwenye makaburi yale, ilikuwa imefutwa, mahali pake pamewekwa soko la manukato. Nilimpigia hapo hapo. Akanieleza kwa upole kwamba kundi lilipiga kura, wengi wanaogopa mambo ya makaburi, na mimi nilikuwa peke yangu. Nikamwambia manukato yapo hata Tarime mjini. Nikamwambia pia kwamba katika duka langu mteja akilipia buti hapewi sandali, na kama siku ile hairudi, basi na mimi sitoki Nyamongo. Zikapita siku mbili hivi. Akarudi na jibu kwamba wenzangu wakienda sokoni, mimi nitapewa kiongozi wangu wa siku moja na tutakwenda bondeni wawili tu. Nikamshukuru. Ni binti mzuri, alinielewa kuliko watu wa kwetu.

Maana watu wa kwetu walipopata habari, baba mkubwa aliitisha kikao cha ukoo. Siwezi kusema hakuwa na hoja. Desemba hiyo hiyo mjukuu wake anatahiriwa, na kwa mila zetu mtu anayetoka kutazama wafu haingii katika mji, yaani boma, ambamo kijana ana kidonda. Na hawa, alisema, si wafu wetu hata tuwajue hasira zao. Kwa hiyo nichague: nisogeze safari mbele, au nitoe makaburi katika mpango. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Alisema vizuri, kwa sauti ya mzee anayewapenda watoto wake, na ningekuwa mtu mwingine ningemkubalia. Lakini nilimtazama lile bega lake. Hasira niliyoiweka tangu darasa la tano ikapanda yote mara moja, wala sikuizuia.

Nikasimama. "Baba mkubwa," nikamwambia, "wafu wa watu nawaogopa kama wewe. Ila babu yangu, hapa ndani, ni nani aliyemwogopa?"

Baba mdogo mmoja akasema mtoto haulizi hivyo mbele ya wazee. Nikamjibu kwamba mtoto ana mvi. Baba mkubwa akainuka. Alichukua fimbo yake, akatoka kwenye kikao alichokiita mwenyewe, na waliobaki wakanihukumu: nisipoomba radhi, sitakanyaga kwenye sherehe ya kijana, na nisije nikashangaa nikipata msiba nikakosa watu. Hukumu hiyo ya pili kwetu si utani. Mtu bila watu wa kumzika ni mtu gani? Nilirudi dukani kwangu, na radhi sikuomba.

Mama yangu alikuwa kwenye kikao na hakufungua mdomo. Nilidhani yuko upande wao. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwake kula, akanipakulia ugali wa wimbi na maziwa, na nilipokuwa namaliza akaniuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza. Alitaka kujua kwenye hiyo misiba ninayokwenda nitabeba nini. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi kabisa: hakuna anayeingia nyumba ya marehemu mikono mitupu. Alikuwa ameshanitengea wimbi kwenye kitambaa. Nikamweleza kwamba uwanja wa ndege mbegu zinaweza kunyang'anywa. Akafikiri kidogo, akalirudisha wimbi kwenye chungu.

"Basi beba mdomo wako," akasema. "Ukifika mlangoni useme umetoka wapi, na umtaje babu yako. Mtu akitaja watu wake, wenye nyumba wanajua hakuja kuiba."

Baada ya hapo nilijua nakwenda, ukoo ukitaka usitake. Nilinunua begi lenye magurudumu na viatu vya kufunga kamba. Vijana wa bodaboda wakaanza kuniita mtalii, nikawaambia mtalii hapandi bodaboda bila kofia ngumu, walete kofia. Desemba inakaribia.

Juzi baba mkubwa alikuja dukani. Alikuwa hajawahi kuingia duka langu tangu nilifungue. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaomba kamba ya kufungia ng'ombe. Nilimpimia huku nimejiandaa, maana nilijua kamba siyo iliyomleta, na kama alikuja na hukumu nyingine nilikuwa na majibu yangu. Aliishika kamba mkononi, akaitazama kama anasoma kitu. Akaniuliza kama ni kweli nitakuwa na kiongozi wa kunijibu maswali. Nikasema ni kweli.

"Muulize hili," akasema. "Wale waliowatoa kule ndani, walipowabeba, waliwaambia wanawapeleka wapi?"

Nikamwuliza kwa nini anataka kujua hilo.

"Sisi tata hatukumwambia," akasema. Tata ndivyo tunavyomwita baba kwa Kikurya. "Nilimbeba kimya mpaka kule. Niliona aibu kumsemesha."

Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa nimemkasirikia, na sikuona sababu ya kumficha lolote kati ya hayo mawili. Nikamwambia nitauliza. Lakini nikamwambia pia kwamba jibu la Misri ni la watu wa Misri, na la babu halitatoka huko. Mkonge upo, njia anaijua kuliko mtu yeyote, na mdomo anao.

Akasema, "Twende wote, mwanangu."

"Hapana. Nenda wewe uliyembeba. Mwambie alipo na kwa nini. Mimi nikirudi nitapita kumwamkia, nimweleze nilikofika."

Akalipa kamba, akaibana kwapani, akatoka. Sikumfuata kuona alielekea wapi. Nilimpigia msichana wa Mwanza kumwambia kwamba siku ya makaburi nitahitaji muda zaidi, kwa kuwa nina watu wawili wa kuwasemea, babu yangu na aliyembeba.