Toa Ganga, Weka Tana

Nilimweka mtoto juu ya meza ya karani, katikati ya mafaili, nikamwambia, "Haya, mshike. Kama yeye ndiye tatizo, zungumza naye."

Karani alirudisha kiti nyuma kana kwamba nimemwekea nyoka. Binti yangu alikuwa na miezi minane, na hakuna kitu alichopenda kama karatasi. Alinyakua ya kwanza aliyoifikia akaitia mdomoni. Foleni nzima nyuma yangu ikaangua kicheko.

"Wewe mama, ondoa mtoto hapa!"

"Andika jina langu kwanza."

Nilikuwa nimekwenda kujiandikisha kwa mtihani wa kuingia kazi ya serikali. Mara ya kwanza nilienda na cheti changu cha kidato cha nne, karani akataka barua ya ruhusa ya mume. Wanaume walionitangulia hakuna aliyeulizwa ruhusa ya mke. Mume wangu alikuwa kibarua bandarini Mombasa. Nikamwandikia, barua ikaja. Karani akasema haina muhuri wa chifu. Nikaenda kwa chifu, nikarudi na muhuri. Siku hiyo aliugeuza muhuri huku na huku, akakosa kasoro, ndipo akanichungulia mgongoni. "Lakini wewe unanyonyesha," alisema. "Mtihani si wa watu wanaonyonyesha. Rudi mwaka ujao, mtoto akishaacha ziwa."

Hapo ndipo nilipofungua leso.

Watu walisema nilikasirishwa na safari. Upuuzi. Kutembea nimezoea, kama kila mtu Ukambani. Nilikasirika kwa sababu mtu yule, na kalamu yake ya serikali, alikuwa anaitupilia mbali kazi ambayo nusu yake haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja wa Kihindi mwenye duka pale mjini Kitui, na mpaka leo sijaona mwalimu wa kumfikia.

Nilimfahamu kwa sababu ya sukari. Niliingia kununua nikamkuta anapima kwa mkono mmoja na kwa mwingine ameshikilia kitabu kinene kilichopoteza jalada. Nikapinda shingo kusoma. Kilikuwa kitabu cha maswali ya mazoezi, ya Kiingereza, cha wale wanaojitayarisha kwa mitihani ya utumishi wa serikali huko India: katiba, mito, mvua, bajeti, mambo ya ulimwengu, kila swali na majibu manne ya kuchagua. Aliufanya mtihani huo alipokuwa msichana. Akaanguka karatasi ya maarifa ya jumla. Akarudia, akaanguka tena. Kisha akaolewa, akaletwa Kitui, na kitabu kikaja naye ndani ya sanduku.

"Na bado unafanya maswali?" nilimuuliza. "Kwani utarudi kuufanya?"

"Mtihani kwangu imekwisha," alisema. "Maswali haijakwisha."

Nikamwambia nami nataka kuufanya mtihani wa hapa kwetu. Hakuniuliza mume anasemaje. Hakuniuliza mtoto nitamweka wapi. Alifunga sukari yangu, akanisukumia, akasema, "Mto gani inapita Garissa?"

Tulianza hivyo. Kila siku ya soko nilisimama kwenye kona ya kaunta, naye aliniuliza maswali huku akihudumia watu. Alikuwa na sheria moja tu, na aliisimamia kama askari: majibu manne hufunikwa kwa kiganja mpaka niwe nimetoa langu.

"Kwanza fikiri, mwaitu, halafu angalia," aliniambia. Aliniita mwaitu, mama, kama Wakamba tunavyoitana, ingawa angeweza kunizaa. "Ukiangalia kwanza, utachukua ile yenye sura nzuri."

"Aiya! Kama mimi na mume wangu!" akadakia mama mmoja wa Ikutha aliyekuja kununua mafuta ya taa, na duka zima likacheka, mwenye duka akiwa wa kwanza.

Nilikariri kitabu kile mpaka nikaharibika. Siku moja aliniuliza ni kitu gani kinachozuia upepo baridi wa kaskazini usiingie nchini mwetu. Nikajibu bila hata kuvuta pumzi, "Milima ya Himalaya."

Msomali mmoja, mchuuzi wa ng'ombe, alikuwa akingoja majani ya chai. Akageuka polepole. "Dada, mimi natoka kaskazini," alisema. "Huo mlima sijauona. Na hiyo baridi pia, ukiipata, nionyeshe."

Mama yule wa duka alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la maharagwe. Alipomaliza kujifuta macho hakuwa anacheka tena. Alikitazama kitabu chake, kitabu alichokihifadhi tangu usichana, akachukua penseli. "Kosa ni yangu," alisema. "Nakufundisha kuwa karani wa Delhi."

Basi akaanza kukibadilisha chote. Penye mto Ganga, alikata akaandika Tana. Penye bunge lao, bunge letu. Penye mpunga, mahindi. Penye jute, nyuzi zao za magunia, katani. Swali ambalo halikukubali kugeuzwa, kama lile la Himalaya, alilipiga mstari akaliacha life. Asilolijua aliwauliza wateja, na wateja wakaanza kugombana juu yake. Nimewahi kuona wanaume wawili wa Migwani wakikataa kuondoka dukani, chumvi yao mkononi, mpaka wakubaliane Jaji Mkuu huteuliwa na nani. Yeye aliwasikiliza wote, kisha akaagiza gazeti, akasoma, ndipo akaandika. Hakuandika neno kwa sababu mtu amelipigia kelele. Mimi, ninayepiga kelele haraka, nilimtazama na kumheshimu kuliko nilivyojua kumwambia.

Halafu kulikuwa na suala la mtoto. Hilo karani alidhani yeye ndiye wa kwanza kulifikiria! Mtihani ulikuwa wa saa tatu. Mama yule alisema, "Mtoto pia atafanya mazoezi." Nikawa ninamnyonyesha, ninamkabidhi kwake, ninaingia stoo nyuma ya duka na karatasi ya maswali, mlango unafungwa. Yeye anambeba kiunoni anauza. Mwanzoni binti yangu alilia mpaka wapita njia wakachungulia kuona nani anauawa. Nami nililowa maziwa kifuani, nikavunja ncha ya penseli kwa hasira. Hakufungua mlango. "Andika!" alipaza sauti kutoka nje. "Mtoto iko mzima, anakula biskuti ya duka!" Polepole mtoto akazoea. Kabla sijapata ule muhuri wa chifu, alikuwa anaweza kukaa saa zote tatu kiunoni mwa mwanamke yule, akivuta bangili zake, bila kunikumbuka hata kidogo. Niliona wivu, nasema kweli.

Sasa mtu ambaye hajawahi kushika mtoto wake mwenyewe akiwa amelowa aniambie nirudi mwaka ujao.

Kwa zile kelele za foleni, afisa mkubwa alitoka chumba cha ndani. "Kuna nini?"

"Mzee, huyu mama analeta fujo," karani alisema, huku akijaribu kuichomoa karatasi kinywani mwa mtoto bila kumgusa mtoto.

"Sileti fujo, mzee. Nataka kuandikishwa."

Afisa alinitazama, akamtazama mtoto, akatazama foleni iliyokuwa inafurahia. "Mwenye malalamiko huandika," alisema, akarudi ndani akafunga mlango.

Vizuri. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaomba karatasi mbili kwa kijana aliyekuwa nyuma yangu, nikaketi kwenye benchi la koridoni. Niliandika kwa Kiingereza cha shule, nakala mbili, nikaigonga meza ya karani mpaka akapiga muhuri wa kupokelewa kwenye zote. Yangu ninayo. Kwa Kiswahili inasema hivi:

"Kwa Afisa Msimamizi. Ninamlalamikia karani wako wa kuandikisha watahiniwa. Tangazo lililobandikwa mlangoni pako linataka cheti cha kidato cha nne, nami ninacho. Halitaji barua ya mume, lakini nilitakiwa kuileta, nikaileta. Halitaji muhuri wa chifu, lakini nilitakiwa kuuleta, nikauleta. Leo nimeambiwa siwezi kuandikishwa kwa kuwa ninanyonyesha. Baba za watoto wachanga wameandikishwa mbele ya macho yangu. Mtoto wangu hataingia chumba cha mtihani. Yuko mtu wa kumtunza, na amemzoea. Naomba jina langu liandikwe leo kabla ofisi haijafungwa. Kama haiwezekani, naomba nipewe kwa maandishi, kwa sahihi yako mwenyewe, sheria inayomzuia mama anayenyonyesha kuitumikia serikali hii. Niko kwenye benchi nje ya mlango wako, na nitakaa hapa mpaka nipate moja kati ya hayo mawili."