Birika Chini ya Mimbari

Kanisa letu la Kibaptisti hapa Eastlands lilijengwa kwa mawe ya kuchongwa kwa mkono, madirisha membamba, na kipande cha reli kikaning'inizwa mlangoni kiwe kengele. Baba, aliyekuwa seremala wa reli, ndiye aliyetengeneza sakafu ya mimbari. Chini ya mbao zake kulikuwa na birika la ubatizo alilolichimba na wenzake. Jumapili ya ubatizo mbao ziliinuliwa, watu wakashuka ngazi na kuzamishwa wazima wazima.

Mifereji ya maji ya mtaa haikuaminika, kwa hiyo kina mama walianza kubeba maji kwa ndoo tangu Jumamosi. Mama hakukosa hata mara moja. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuingia. Alinyunyiziwa maji akiwa mtoto mchanga, katika kanisa la wazazi wake kule magharibi, na kwetu hilo halikuhesabiwa kuwa ubatizo. Ndiyo maana Baba aliposhiriki Meza ya Bwana, Mama alibaki benchi la nyuma.

"Nikiingia," alikuwa akisema, "ni kama nasema mama yangu alinidanganya."

Kichwa ngumu. Nimemrithi.

Baba alipofariki, Mama alibadilika. Wakati huo tulikuwa tumeamua kubomoa kanisa tujenge la ghorofa, na mimi, bingwa wa mipango, nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Akaniita jikoni.

"Mwanangu, nataka kuzamishwa kwa ile birika ya baba yako, kabla hamjaivunja."

"Mama, ngoja jipya liishe. Litakuwa na maji moto. Hii baridi itakuumiza kifua."

"Hiyo baridi naijua. Si ni mimi huyabeba hayo maji?"

Nilicheka. Nikambembeleza mpaka akakubali kungoja. Wiki iliyofuata mafundi walivunja birika. Mabati ya paa yakauzwa Kariobangi, na mbao za Baba zikatumika kuzuia zege ya msingi. Mama alifariki kabla kuta hazijafika kimo cha dirisha. Kile kicheko changu nakichukia hadi leo.

Sasa tuna birika la vigae. Jumapili ya ubatizo mimi ndiye hufungulia mfereji, na hakuna anayebeba ndoo. Natumbukiza mkono kupima joto, kisha naenda kukaa benchi la nyuma. Maji huwa moto vizuri. Mama hakuwa ameniomba maji moto.